Doriani la Kamba

Siku Salem Hisham aliyokwenda Machui kulizungushia uzio wa senyenge shamba lake jipya, alimkuta mwanamke wa makamo katikati ya shamba, kajifunga kanga kiunoni, anaokota madoriani na kuyapanga ndani ya pakacha. Yule mwanamke hakushtuka wala hakukimbia. Aliinua uso, akamtazama Salem, akawatazama mafundi wawili na mizunguko ya senyenge waliyoibeba, kisha akainama tena kuendelea na kazi yake, kama mtu aliyeona kuku wa jirani wakipita.

Salem alijua kwamba adabu haina gharama, na kwamba mtu aliyeamkiwa vizuri huchelewa kukasirika. Hata mwizi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye uliyenunua kwa Mudrik?"

"Ndiye mie."

"Mungu akubariki. Ardhi nzuri hii, na kisima chake hakikauki. Chukua doriani moja ukale na wenzako nyumbani. Jirani mpya haanzi kwa mikono mitupu."

Salem akacheka. Kaishi kwa biashara tangu ujana, kaibiwa kwa namna nyingi, lakini mwizi wa kumkaribisha mwenye mali mali yake mwenyewe alikuwa hajapata kumuona.

"Bibi, unanizawadia doriani langu?"

"Lako?" Mwanamke akasimama wima, mkono kiunoni. "Mudrik kakuuzia nini?"

"Shamba."

"Basi shamba lako hilo hapo, umelikanyaga. Mti huu ni wangu. Naitwa Kidawa, nyumba yangu ile ng'ambo ya njia. Uliza mtu yeyote."

Mtu yeyote wa karibu alikuwa fundi mmoja wa senyenge, kijana wa hapo hapo Machui. Salem akamgeukia. Fundi akatazama vidole vya miguu yake.

"Ni wake, bosi. Mie nilidhani unajua."

Salem hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alizaliwa Mkunazini, ndani ya Mji Mkongwe, katika nyumba kubwa ya mawe ambayo nusu yake ilikuwa imeshaanguka na nusu iliyobaki imejaa wapangaji. Babu yake alikuwa na mashamba ya mikarafuu, lakini hayo yalikwisha kabla Salem hajazaliwa, naye hakuyalilia hata siku moja. Mali ya kuhadithiwa haijazi tumbo. Alianza na sinia la maembe mabichi ya pilipili mlangoni mwa skuli, akapanda akawa na gari la kukokota, na sasa ana duka la matunda ambalo wapishi wa mahoteli hulifikia kwa miguu yao. Hakusomeshwa biashara na mtu. Aliisoma kwa kupunjwa.

Na kanuni aliyoiamini kuliko zote ni hii: kitu unachokitaka usikitazame.

Sasa yeye alikuwa anautaka mdoriani ule. Alikuwa kaonja doriani moja pale Darajani, nyama yake nene, ya manjano kama samli iliyoganda, tamu na uchungu kidogo unaokuja nyuma yake, kokwa limesinyaa kama limeona haya kuchukua nafasi. Aliyemuuzia hakutaka kusema limetoka wapi. Salem akapeleleza taratibu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, mpaka akaufikia mti wenyewe, umesimama peke yake katikati ya shamba la Mudrik, mrefu kuliko minazi. Mudrik alikuwa mtu wa ofisini, anakaa Amani, shamba kalirithi kwa baba yake na hajui hata jembe linashikwa upande gani. Anataka gari.

Basi Salem akaenda kupatana. Alilalamika minazi imezeeka. Alilalamika udongo una mawe. Akachungulia kisimani na kutikisa kichwa kama daktari mwenye habari mbaya. Mdoriani hakuutupia jicho. Siku ya mwisho doriani moja lilianguka nyuma yake, puu! na ardhi ikatikisika, naye hakugeuka. Aliendelea kuuliza habari za mpaka. Mudrik akashuka bei, akashuka tena, wakapeana mikono. Salem alirudi mjini siku hiyo akipiga mluzi.

Alipotoka pale kwa Bi Kidawa alimpigia simu Mudrik.

"Yakhe, mdoriani ule wa nani?"

"Wa Bi Kidawa."

"Na wewe ukanyamaza!"

"Hukuniuliza, bwana! Minazi umeniuliza, kisima umeniuliza, mpaka mgomba wa jirani umeniuliza. Mdoriani hata kuutazama hukuutazama. Nikasema huyu harufu inamshinda, wako watu hivyo."

"Doriani lilianguka nyuma ya mgongo wangu!"

"Nililisikia. Nikakutazama, hukugeuka. Nikasema masikini, na masikio yake nayo mazito."

Salem akakata simu. Kosa lilikuwa lake, na alilijua. Kila mtu wa Unguja anajua kwamba ardhi na mti si lazima viwe na bwana mmoja. Ardhi inaweza kuwa ya huyu na mnazi wa yule, na mwembe ulio katikati ukawa wa mtu wa tatu anayekaa Pemba. Aliyepanda kwa idhini ndiye mwenye kuvuna, na wanawe baada yake. Ndiyo maana mnunuzi wa shamba huutembelea mti mmoja mmoja, akaugusa, akauliza: wa nani huu? Salem aliigusa minazi yote. Mti alioutaka aliuruka, kwa ujanja.

Anayetaka kushindana na mtu humjua kwanza. Salem akaanza kumuulizia Bi Kidawa, kwa subira ile ile aliyoutafutia mti.

Habari alizozipata ni hizi. Bi Kidawa si mtu wa Machui kwa asili. Kazaliwa Charawe, upande wa mashariki, kijiji kinachopakana na mikoko, ambako wanawake hufukia makumbi ya nazi kwenye tope la pwani, wakayaacha yaoze, wakayafukua na kuyaponda, wakasokota kamba. Mikono yake ilijua kusokota kabla haijajua kupika. Aliolewa akaletwa Machui na mume aliyeitwa Mcha, na Mcha akafariki mapema, akamwachia binti wawili na jembe. Ndipo Kidawa alipokwenda kwa baba yake Mudrik kuomba kipande cha kulima.

Mzee yule alimpa kwa sharti la kawaida: panda muhogo, panda viazi, panda chochote kinachong'olewa. Mti wa kudumu, la. Mwenye shamba mwenye akili hamruhusu mlimaji kupanda mti wa kudumu, kwa sababu mti ukishasimama, na mlimaji kasimama. Lakini siku moja mzee kaketi na watu wake wanakula doriani, Kidawa anapita na jembe begani, akaliona kokwa moja limetupwa, zuri, limejaa.

"Mzee, nnaweza kulizika hili pale kati?"

Watu wakacheka. Mzee naye akacheka, kwani alikuwa keshazeeka na mdoriani wa kokwa si mti wa haraka. "Zika, mwanangu. Likizaa, lako wewe na wanao. Mie ntakuwa nshazikwa kabla yake, nani atakudai?"

Alisema hayo mbele ya watu, mchana, kinywa kimejaa doriani. Kidawa akafukia kokwa. Mbuzi wakaula mche, ukachipua. Jua likaupiga, akauchotea maji kisimani kila jioni, ndoo ya kwanza ya mti, ya pili ya nyumbani. Wanawake wa kijiji wakamtania: Kidawa anamlea mume mpya. Miaka ikapita, mti ukawa mrefu na tasa, wakasema ni dume, ukate upate mbao. Hakuukata. Ulipotoa maua kwa mara ya kwanza, mzee yule yule aliyejizika kwa mdomo alikuwa bado yu hai, anatembelea fimbo, akaletewa doriani la kwanza kwenye sinia. Alikula, akapangusa mkono, akasema, "Laiti ningalijua." Lakini neno lake hakulirudisha.

Mti ule ndio uliowasomesha binti zake Bi Kidawa, kwa madoriani aliyoyauza kwenye meza yake kando ya njia. Ndio uliomwezekea nyumba mabati. Ndio aliokuwa akiutegemea mpaka leo, kwani mgongo wake ulikuwa umeshakataa jembe. Bila mdoriani, Bi Kidawa angekuwa mgeni kutoka Charawe aliyesahauliwa kando ya njia. Salem alipolisikia hilo hakuona huruma. Aliona mahali pa kubana.

Wakakutana barazani kwa sheha, mkuu wa kijiji. Bi Kidawa alikuja na ndugu yake Pandu, mkwezi wa minazi, mtu mkavu mwenye miguu kama mizizi, na wazee wawili waliokuwapo siku ya kokwa. Salem alikuja peke yake. Wazee wakatoa ushahidi, na sheha akamgeukia Salem.

"Bwana Salem, unapinga?"

"Sipingi. Mti ni wake, nshakubali." Watu wakashangaa, walidhani watapata mchezo mrefu. "Ila na ardhi ni yangu. Hilo nalo hakuna anayelipinga?"

"Hakuna."

"Basi tuulizane. Embe hupopolewa. Nazi huanguliwa. Doriani je? Linachumwa?"

Kila mtu pale alijua jibu. Doriani halichumwi, ukilichuma halijaiva ni gome na harufu tu. Hungojewa mpaka lijiachie lenyewe.

"Linaanguka," Salem akasema, polepole, "na linaangukia ardhi yangu. Mie nasema hivi: lililo mtini ni la Bi Kidawa, simgusii. Lililofika chini kwangu ni langu. Kama hataki, nna senyenge na mlango, na tutapelekana mahakamani mpaka sote tuwe wazee."

"Ebo!" Pandu akaruka. "Huo ni unyang'anyi wenye tasbihi!"

"Keti, Pandu," Bi Kidawa akasema.

Sheha alitikisa kichwa. "Mie sikushaurini hivyo. Lakini kama mnakubaliana wenyewe, sitawazuia."

Bi Kidawa alikuwa kaketi kwenye mkeka, miguu kaikunja. Vidole vyake vilikuwa vimevuta nyuzi ukingoni mwa ule mkeka uliochakaa na vinazisokota, vinazisokota, bila ya yeye kuvitazama. Akasema:

"Nshakubali. Nna ombi langu moja. Niwe na ruhusa ya kuingia kwenye mti wangu wakati wowote nitakao, mimi na mkwezi wangu."

"Dada!" Pandu akasema.

"Unataka kupanda ukafanye nini juu?" Salem akauliza.

"Nikautazame. Mti wangu, si nitazame?"

Salem aliona kakubali upesi mno, na mtu akikubali upesi, hesabu vidole vyako baada ya kupeana mkono. Lakini alilizungusha sharti lile kichwani kila upande, hakuona mlango. Hakuna doriani lisiloanguka. Akasema haya. Wakasoma Fatiha, na neno lililosomewa Fatiha halina njia ya kurudi.

Msimu ule ukaisha, mti ukapumzika, ukatoa maua. Madoriani yakaanza, madogo kama ndimu, kisha kama mayai, kisha kama vichwa vya watoto. Salem akasukisha matenga mapya. Akawaahidi wapishi wawili wa mahoteli, ingawa mahoteli yenyewe hayataki harufu ile ndani; wapishi wanataka kula wenyewe.

Ndipo mlinzi aliyemweka shambani alipompigia simu. "Bosi, njoo utazame. Bi Kidawa kaleta mzigo wa kamba kutoka Charawe. Pandu yuko juu ya mti tangu juzi. Mimi sijui kama hii ni kazi au ni wazimu."

Salem akapanda Vespa yake mpaka Machui. Alipofika alisimamisha chombo, akavua kofia ya chuma, akatazama juu na kusahau kufunga mdomo. Kila doriani mtini lilikuwa limefungwa. Kamba ya makumbi, nyembamba na ngumu, imezungushwa kwenye kikonyo na kupitishwa chini ya tunda kama mbeleko, kisha ncha yake ikapanda kufungwa kwenye tawi la juu lenye nguvu. Kila doriani na kamba yake. Pandu alikuwa mbali kule kwenye matawi, anaimba. Njiani watu wa kijiji walikuwa wameketi kama wako kwenye ngoma.

"Bi Kidawa!" Salem akaita.

"Naam!"

"Madoriani umeyafunga kama mbuzi!"

"Mbuzi wangu, bwana. Nisipowafunga si watakwenda kula muhogo wa watu?"

Njia nzima ikaangua kicheko. Mtu mmoja akapaza sauti: "Bwana Salem, nenda kawafungulie!" Mwingine: "Mwacheni, anangojea kuokota kamba!"

Salem alikuwa anapiga hesabu. Kamba huoza. Mvua itazilowesha. Na doriani lililokomaa ni zito, vikonyo vikiachia kwa pamoja, kamba gani itahimili? Akarudi mjini bila ya kukata tamaa, ila usingizi wake ulipungua. Angalipata kujua kamba za Charawe zilivyo, hata huo uliobaki angaliukosa. Makumbi yaliyolala kwenye tope la chumvi hayaogopi mvua. Mababu wa Bi Kidawa walifungia majahazi kwa kamba hizo hizo.

Siku ya siku ilifika baada ya sala ya Alasiri. Upepo uliteremka ghafla, wa mvua isiyonyesha, ukaikunja minazi na kuyageuza majani ya migomba ndani nje. Salem akaufunga mlango wa duka, akafunga matenga nyuma ya Vespa, akaenda mbio. Upepo kama ule kwa kawaida huumwaga mdoriani nusu nzima.

Alikuta watu wamekwishajaa. Bi Kidawa kasimama chini ya mti, kajitanda kanga, na kando yake, Salem alidhani macho yanamdanganya, kitanda. Kitanda cha kamba, miguu minne, kimewekwa juu ya ardhi yake kama mtu atakaye kuhamia.

"Hiki cha nini?"

"Cha kupangia. Nisije nikaweka kitu chini, ukanambia kimefika kwako."

Upepo ukavuma. Juu kikasikika kishindo kidogo, tak! Doriani limeachia kikonyo chake. Likashuka kiasi cha shubiri, kamba ikakaza, likaning'inia likiyumba. Tak! Jengine. Tak, tak! Mti mzima ukawa unapasuka vikonyo, na madoriani yanashuka shubiri na kusimama, yanashuka na kusimama, yanabembea kwenye upepo kama taa za harusi. Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, wakadakia wengine, kila tak! na kigelegele chake, mpaka upepo wenyewe ukaonekana unashangilia.

Salem alisimama na matenga yake matupu. Alitaka kukasirika lakini alikuwa mfanyabiashara, na mfanyabiashara kazi nzuri humvutia hata ikiwa inamla yeye.

Mwisho kabisa, upepo ulipokwisha, kikashuka kitu. Puu! Doriani moja lilianguka miguuni pake. Watu wakakaza shingo. Upande mmoja lilikuwa na tundu la meno. Kima alikuwa keshaitafuna kamba na kulila lote, limebaki gome.

"Lichukue, bwana Salem," Bi Kidawa akasema, uso mkavu. "Usiliache. Halali yako, Fatiha imesomwa."

Hapo hata mlinzi wake mwenyewe alicheka mpaka akakaa chini. Salem akainama akaliokota lile gome, akalitia tengani kwa heshima zote. Mtu anayekataa kidogo alichopewa na mapatano keshayavunja mapatano. Akakaa kutazama Pandu anavyoyateremsha mengine kwa kamba ndefu, moja moja, mpaka mikononi mwa dada yake, na dada anavyoyalaza kitandani kama watoto wachanga. Wakati wa kuondoka Bi Kidawa akampa moja, zima.

"La njiani. Hili si la mapatano, ni la ujirani."

Doriani lile ndilo lililombadilishia Salem mambo. Alilitupa nyuma ya duka kwa hasira, akalisahau chini ya magunia. Siku kadhaa baadaye harufu ikamkumbusha. Akalitoa akitaraji uozo, akalichana, na ndani lilikuwa zima, tamu, limeiva sawasawa. Akakaa juu ya gunia na kisu mkononi.

Maana doriani linaloanguka kutoka kileleni hupasuka. Ukilitazama nje huoni kitu, lakini ndani lishaingia hewa, na kesho yake linaanza kuchachuka. Ndiyo sababu doriani la Unguja haliendi mbali. Salem kapata kupeleka shehena Dar es Salaam, ikafika imechacha, wanunuzi wakamtukana mpaka bandarini. Lakini hili halikuanguka. Liliiva mpaka mwisho, likajiachia lenyewe, na halikupata kishindo. Hili linavuka bahari.

Asubuhi alikuwa barazani kwa Bi Kidawa, mbele ya chai ya mdalasini.

"Nataka madoriani yako yote. Ya msimu huu na misimu ijayo. Usimuuzie mwengine."

"Alaa! Yale yanayofika chini hayakutoshi?"

"Bi Kidawa, kijiji kizima kishanicheka, sasa tufanye kazi."

"Haya. Bei tutaizungumza baadaye, bei haina matata, Pandu anaijua ya sokoni. Mie kwanza nataka kivuli."

"Kivuli gani?"

"Cha mti wangu. Ardhi yote inayofunikwa na matawi, iwe yangu, na kijinjia cha kuifikia."

Salem akaweka kikombe chini. "Bibi, mti unakua! Kila mwaka kivuli kitanila hatua!"

"Na soko lako nalo si litakua?"

"Kivuli cha leo. Tunapiga vigingi, basi."

"Cha leo, lakini kwenye ncha za matawi, usiniwekee kigingi shinani."

"Na kamba?"

"Kamba ni za wanawake wa Charawe. Ukitaka za mashamba mengine unazinunua kwao kupitia kwangu."

"Na Pandu anifundishie wakwezi wangu."

"Pandu ana mdomo wake, muulize mwenyewe." Akageuka. "Pandu! Bwana huyu anataka umfundishie watu."

Sauti ya Pandu ikatoka uani: "Mwambie kwanza arudishe lile neno la senyenge na mlango!"

"Nimelirudisha!" Salem akajibu.

"Basi n'takuja."

Walipatana mpaka chai ikapoa, ikaletwa nyingine. Salem alijaribu kukipunguza kivuli upande wa kisimani, akashindwa. Bi Kidawa alijaribu kutia na mnazi mmoja uliogusana na matawi, akashindwa. Mchana wakatoka na sheha, wakapiga vigingi, na Salem akaing'oa kwa mkono wake senyenge iliyoziba njia.

Hivi leo kule Dar es Salaam wanunuzi huuliza kwa jina: doriani la kamba. Salem anakodi midoriani ya watu wengine, kwanza anaugusa kila mti na kuuliza wa nani, na wakwezi waliofundishwa na Pandu huifunga. Kwa hayo alipata zaidi ya alivyotumai siku aliyopiga mluzi. Mti wenyewe hakuupata, wala hataupata. Mudrik alipata gari, likaharibika. Akija dukani kuulizia doriani hupewa bei ya kila mtu.

Bi Kidawa alipoteza meza yake ya kando ya njia, na majirani zake walipoteza doriani la kuonja bure asubuhi, wakamnung'unikia na bado wanamnung'unikia. Lakini mbali ya mti sasa ana na ardhi, yeye aliyekuwa akilima Machui kwenye kipande cha kuomba. Kokwa zake anazizika mwenyewe, ndani ya vigingi vyake, bila ya kumuomba mtu. Na Salem ana shamba zuri, lenye kisima kisichokauka, na tundu la mviringo katikati ambalo si lake.